Tulivyomleta mumiani jukwaani Bagamoyo kwa laki saba: jeneza, choya na mbuzi ya nazi (uzi mrefu)

Mtu wa Vifaa:

Wakuu salaam. Juzi kuna mdau kauliza humu kwa nini wasanii wa jukwaani hawafanyi michezo ya kutisha wakati stori za kutisha tunazo mpaka za kugawia majirani. Nikanyamaza, ila imeniwasha, ngoja niseme. Sisi tumefanya. Bagamoyo, watu kumi na mmoja, mchezo wa kuimba, wa kutisha na kuchekesha humohumo. Mimi nilikuwa mtu wa vifaa, yani kitu chochote ukikiona jukwaani ambacho si mwigizaji wala nguo basi ujue kimepita mkononi mwangu. Panga, debe, taa ya chemli, jeneza, damu.

Kwa mliozaliwa juzi, mumiani ni yule mnyonya damu ambaye bibi zetu walimtumia kutuingiza ndani magharibi. Enzi za mkoloni watu walimuogopa kweli, mpaka watu wa zimamoto walikuwa wanashukiwa, ndo maana kwenye historia utakuta neno wazimamoto limebeba maana mbili. Sasa wa kwetu sisi ni mumiani anayeogopa damu. Katumwa na bosi wake aje Bagamoyo ajaze debe moja, akiona tone tu anazimia. Kapanga chumba kwa mama mmoja mjane, na huyo mjane mdomo wake mkali kuliko meno ya mpangaji, basi wanachambana kwa mipasho saa nzima. Nyimbo tisa. Nyingi mwendo wa taarab, mbili mchiriku, na mdundiko mmoja wa kuwatoa watu nje.

Dairekta wetu alikuwa na sharti moja tu. Watu wacheke mchezo mzima, sawa, ila kuna dakika mbili lazima waogope kweli, wasahau kama wamelipa tiketi. Alisema bila hizo dakika mbili mumiani wetu anakuwa mtu aliyevaa vibaya tu.

Wakuu, zile dakika mbili zilitutoa roho.

Kiti cha Mbele:

Nimeshakaa. Usije ukatuachia njiani kama yule wa stori ya lori.

Mwana wa Chumbageni:

Bagamoyo mnajua ngoma na vinyago, hatukatai. Ila taarab mtuachie Tanga, sisi ndo tulikuwa na Black Star na Lucky Star nyie mkiwa mnakausha dagaa. Endelea lakini.

Mtu wa Vifaa:

Hahaa Mtanga, hilo nakupa, mpiga kinanda wetu mwenyewe ni wa kwenu.

Tuanze na sehemu ya kuchezea. Ukumbi wa maana ni ule wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, na wengi wetu tumepita pale, ila kwa bajeti yetu tusingeweza hata kukodi ngazi zake. Kuna aliyesema tukafanyie Kaole kwenye magofu, usiku, mwezi ukiwa juu, itatisha yenyewe. Dairekta akamuuliza wewe una akili? Pale kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya watu, unataka ukapige mchiriku juu ya makaburi? Hoja ikafa palepale. Tukapata uwani kwa nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuta za mawe na chokaa, mlango mkubwa wa kuchonga, popo wa kumwaga. Mwenye nyumba alitaka tu tumfagilie na tusiwashe moto.

Hilo la moto alisisitiza, na hapa mjini halihitaji maelezo, ukumbi wa makuti wa chuo uliungua 2002 na watu wazima bado wanausimulia kwa majonzi kama msiba.

Sasa zile dakika mbili. Jaribio la kwanza lilikuwa sura ya kuvaa. Nikachambua magazeti, nikapika gundi ya unga wa ngano, nikatengeneza sura siku nne, nikaipaka rangi, meno ya kibuyu, mwenyewe nikawa naogopa kuiacha chumbani usiku. Siku ya mazoezi mumiani kaivaa, kaibuka nyuma ya mlango, mtoto wa jirani wa miaka sita akamtazama vizuri akauliza, "Anko, mbona umevaa boga?" Siku nne wakuu.

Jaribio la pili, moshi. Mashine hatuna, tukasema chetezo na ubani, makaa kidogo tu, mwenye nyumba asijue. Na mpiga ngoma wetu, mzee wa rika la baba yangu, tukamuomba aweke ile midundo ya ngoma za pepo chini chini. Akaweka fimbo zake chini akasema, "Wanangu, ile haipigwi kwa kuchezea. Ukimwita mtu lazima uwe na cha kumpa." Akagoma kabisa, tukaona mzee anazeeka. Tukaendelea na ubani peke yake.

Siku hiyohiyo jirani mmoja kaja kudai beseni lake tuliloazima. Kasimama mlangoni, moshi umemfikia, kidogo tu tukaona beseni limedondoka, mama anatetemeka, anaongea kwa sauti ambayo si yake na lugha ambayo si ya huku. Waigizaji wote ukutani. Mumiani ndo alikuwa wa kwanza kukimbia. Mzee wa ngoma akamfuata yule mama taratibu, akamfunika kanga, akaongea naye maneno yake sikuyasikia, mpaka akatulia akaomba maji. Kisha mzee akatutazama. Hakusema kitu. Ubani ukatoka kwenye skripti jioni ileile na beseni tulirudisha likiwa na kilo mbili za sukari ndani.

Mchunguzi Huru:

Hapo kwenye kupandisha pepo nakuamini, nimeishi Pwani. Vipi kibali lakini? Au mlipiga kimyakimya?

Mtu wa Vifaa:

Kibali tulikata, mkuu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, sio kitu cha kukwepa. Skripti ikasomwa, ikarudi, tukaendelea. Hakuna stori hapo.

Stori iko kwenye jeneza.

Mumiani wetu analala kwenye jeneza, hilo kila mtu alilitaka. Mimi nikaenda kwa fundi seremala Magomeni, ya hapahapa Bagamoyo sio ya Dar. Fundi kauliza kipimo, nikamwambia mpime huyu bwana, nikamsukumia mwigizaji. Fundi akarudisha futi mfukoni. Akasema yeye mtu mzima anayepumua hampimi jeneza, hata umpe milioni, mkosi ule haurudi peke yake. Nikambembeleza weee. Mwisho akakubali kupima mlango wa duka lake, tukakubaliana mwigizaji ni mfupi kuliko mlango. Mbao za makreti, laki na ishirini, ndo kitu cha ghali kuliko vyote kwenye mchezo mzima.

Siku ya kulichukua nikakodi guta. Manyunyu yakaanza, nikawaza rangi haijakauka vizuri, nikavua shuka nililokuja nalo nikalifunika. Shuka la kijani. Wakuu naomba mnielewe, sikuwaza kitu zaidi ya rangi.

Hatujafika hata nusu ya njia guta likapata pancha. Mwenye guta akasema yeye hapo ndo mwisho wake, ila anatusaidia kubeba. Tukawa wanne, begani, tunateremka kuelekea Mji Mkongwe. Tukapita kwenye baraza la kahawa. Mnaijua Pwani nyie. Wazee wakainuka wote. Vikombe chini. Mmoja mwenye kofia ya viua akaja mbio mbio akashika pembe ya mbele, akanisogeza mimi pembeni kwa upole, akaanza, "La ilaha illallah." Wenzake wakaitikia. Wakaongezeka vijana wa bodaboda wawili. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo akaepua karai. Sisi wanne tumenyamaza, mate yamekauka, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme. Nani aseme? Unaanzaje?

Kama hatua mia mbili hivi yule mzee akageuka kunitazama.

"Mwanangu, mbona jepesi? Ni mtoto?"

"Hapana babu."

"Mtu mzima?"

"Babu... hamna mtu."

Akasimama. Wakasimama wote. Jeneza likashushwa barabarani taratibu, kwa adabu ileile kana kwamba lina mtu. Mzee akainua shuka, akagonga ubao mara mbili, ukalia kama debe. "Mmetubebesha kabati?" Nikamueleza, nimepiga magoti kabisa kwenye tope, ni mchezo babu, mchezo wa kuigiza, tusamehe. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshaanza kucheka wanajificha nyuma ya helmeti. Mzee akakaa kimya muda, akajipangusa mabega, akasema, "Mwenyezi Mungu anajua nia yangu. Thawabu zangu siwadai nyie." Akaondoka hatua tano, akarudi. "Huo mchezo wenu lini? Nakuja. Na silipi."

Dada wa Dunda:

Mi nilikuwa kwa mama wa mihogo siku hiyo!!! Kumbe ni nyie! Sisi tuliambiwa maiti kafufuka njiani, mpaka kesho yake shangazi yangu hakupita barabara ile 😂😂

Kiti cha Mbele:

"Hamna mtu" 😂 nimecheka kwenye daladala watu wananishangaa. Haya damu, ulisema damu.

Mtu wa Vifaa:

Damu. Mwanzo nilichemsha sukari na rangi ya chakula kama wanavyoelekeza mitandaoni. Inapendeza, inateleza vizuri, ila huku Pwani ukiacha ndoo usiku mmoja asubuhi unakuta sisimizi wamepanga mstari kama wanafunzi paredi. Na mwigizaji wa kwanza kupakwa alifuatwa na nyuki. Nikaachana nayo, nikaenda na choya, yale maua makavu mekundu ya kutengenezea juisi. Unachemsha choya mpaka maji yawe mazito mekundu kama ya kweli, unakorogea unga wa muhogo kidogo kama uji mwepesi, unakamulia limao. Bei rahisi, haina sukari, mtu akiimeza haimdhuru. Ubaya wake haulali, uji ukilala unachacha, kwa hiyo kila siku saa kumi mimi nipo jikoni.

Shoo ya kwanza. Wameingia watu 64, tiketi elfu tatu. Tulikuwa tumepanga saa mbili kasoro usiku, kosa la kitoto, adhana ya Isha ikaingia katikati ya wimbo wa tatu. Tukanyamaza wote palepale tulipo, mjane kanyoosha kidole, mumiani mdomo wazi, mpaka ikaisha. Watu wakadhani ndo mchezo ulivyo.

Sasa kuna sehemu mumiani anajikata kidole kwa bahati mbaya, anaona damu yake mwenyewe. Kavaa kanzu nyeupe. Mimi nipo nyuma na chupa ya kubinya. Damu ikaruka, nyekundu safi kifuani, watu wakafanya "aaah". Halafu nikaona inabadilika. Ikawa zambarau. Ikaenda kwenye bluu. Pembeni huku ikawa na ukijani. Mbele ya macho ya watu 64! Nikasema nimekwisha, nimewapa watu sumu.

Yule kijana mumiani, Mungu ambariki, alijitazama kifua, akaipaka kidole, akainusa, akamgeukia mjane, "We mama, wali wako wa jana uliupika na nini?" Uwanja uliinuka. Mjane naye hakumwacha hewani, akamjibu kwa wimbo, ubeti ambao haumo popote kwenye skripti, kwamba mwenye damu ya rangi yake alipe kodi ya rangi yake.

Mchunguzi Huru:

Hii sasa chai. Choya iwe ya kijani? Mkuu tuheshimiane.

Ticha wa Maabara:

Sio chai, nafundisha kemia. Rangi ya choya inafanya kazi kama litimasi. Kwenye asidi inakaa nyekundu, ikikutana na besi inaenda zambarau, bluu mpaka kijani. Sabuni ya unga ni besi. Kanzu yenu haikusuuzwa vizuri. Mchunguzi, chukua glasi ya juisi ya choya, tia sabuni ya unga nusu kijiko, rudi hapa uombe radhi.

Mtu wa Vifaa:

Ticha umemaliza kila kitu. Maji yalikatika mchana, dogo wetu wa mavazi akakamua kanzu na povu lake akaianika. Tulikuwa tunataka kumla nyama. Kufika usiku tukamwambia kesho usisuuze kabisa.

Mbeba Boksi:

Naandika kutoka ughaibuni. Msijione wa ajabu, ndo mila ya michezo hii kuzaliwa vyumba vidogo. The Rocky Horror Show ilifunguliwa London Juni 1973, chumba cha juu cha Royal Court, viti 63. Yani shoo yenu ya kwanza mliwapita kwa mtu mmoja! Na kule Toronto kuna Evil Dead: The Musical ya 2003, wao walitenga viti vya mbele kwa wanaotaka kurukiwa damu, na watu wanavigombania.

Mtu wa Vifaa:

Mkuu kumbe! Sisi waliorukiwa walidai hela ya dobi. Viti 63, nimeiandika ukutani hiyo.

Turudi kwenye dakika mbili maana shoo ya kwanza hazikuwepo. Mpango wetu wa mwisho ulikuwa hivi. Kuelekea mwisho mumiani anaimba peke yake, anachekesha, kaligeuzia mgongo jeneza. Yeye yuko nje, watu wote wanamuona. Taa zinazima, na ndani ya jeneza lake kunasikika kitu kinakwaruza. Ni nani humo? Bosi kafuata debe lake. Hakuna sura ya kuvaa, hakuna moshi, hakuna ngoma. Sauti tu.

Sauti nilitafuta wiki nzima. Kucha kwenye mbao haisikiki mbali. Msumari kwenye bati unakera, hautishi. Siku moja nipo nyumbani mama anakuna nazi, kifuu kimekaribia kuisha, lile jino la mbuzi likagusa kifuu kitupu, krrrr. Nywele za mkono zikasimama. Nikamwambia mama rudia. Akasema sina nazi ya kurudia.

Basi mtu wa kukaa ndani ya jeneza na mbuzi na kifuu kikavu ni nani kama sio mimi. Nimelala kiubavu, mbuzi kifuani, fundi katoboa matundu manne ya hewa, joto la ndani sitaki hata kulisema, jasho linaingia masikioni. Na ukiwa humo huoni kitu, unasikia tu.

Shoo ya kwanza taa zimezimwa, nikaanza kukuna, jirani akawasha taa yake ya uani aangalie kuna nini. Uwanja wote mwanga. Kifuniko hakikuwa kimekaa sawa, mtoto akapiga kelele, "Dole gumba lile!" Kwisha habari.

Shoo ya pili walikuja 118, habari ya damu ya kijani ilishatembea mji mzima. Na babu wa kofia ya viua alikuja. Hakulipa kama alivyoahidi. Kakaa kiti cha mbele, mkongojo katikati ya magoti, kacheka mipasho yote mpaka anafuta machozi. Haya mi nilisimuliwa maana wakati huo nishaingia kwenye sanduku langu.

Mumiani anaimba. Taa zetu zikazimwa. Na sekunde hiyohiyo, wallahi, umeme ukakatika mtaa mzima. Nilijua kwa sababu hata friji la jirani lilinyamaza. Giza ambalo hata kupitia matundu sikuona tofauti. Spika zimekufa, kinanda kimekufa. Nikasema nifanyeje, nikaendelea na kazi yangu. Krrrr. Nikapumzika. Krrrr.

Kimya. Hakuna anayecheka.

Halafu nikasikia sauti ya mzee, karibu kabisa na jeneza, ndogo, ya mtu anayejisemea mwenyewe.

"Jamani. Mimi hili nililibeba likiwa tupu."

Wakuu, sauti ile haikuwa ya mwigizaji na kila mtu pale aliijua. Mimi mwenyewe niliyemo ndani, mwenye mbuzi mkononi, nilisisimka nikaacha kukuna. Na kule kuacha ndo kukaharibu kabisa, kwa sababu sasa hakukuwa na sauti yoyote, kitu kilichokuwa kinakwaruza kimetulia kinasikiliza. Nikasikia kiti kinaanguka. Mtu anasoma aya. Mtoto akaanza kulia na hakuna aliyembembeleza. Mumiani wetu naye nje pale akasahau mistari yake yote, akasema tu, "Bosi?"

Sijui zilikuwa dakika mbili au tatu. Mjane ndo alituokoa, akatokea na chemli mkononi akamfokea mumiani, "Na huyo mgeni wako wa humo ndani analipa kodi ya nani?" Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena. Mdundiko tukaupiga bila spika, mzee wa ngoma kaongoza, watu wakatoka nao mpaka barabarani.

Dada wa Dunda:

Nilikuwepo hiyo siku ya pili. Aliyeangusha kiti ni mimi. Msiniulize.

Kiti cha Mbele:

Daah. Na siku ya tatu?

Mtu wa Vifaa:

Siku ya tatu tukataka kuwa wajanja. Watu 140, jirani tumemuomba azime taa yake, umeme upo tunazima wenyewe. Na babu tukamfuata barazani kwake, dairekta kampigia shikamoo mara mbili, tukampa kiti cha mbele tukamwambia babu tafadhali, likianza kukwaruza sema maneno yaleyale. Akasema hilo dogo.

Giza likaingia. Krrrr. Krrrr. Nasubiri. Nikasikia mkongojo unagonga chini, mzee anasimama, anakohoa, kisha kwa sauti ya msoma taarifa ya habari, "JAMANI! MIMI HILI JENEZA NILILIBEBA, TENA LIKIWA TUPU KABISA!" Na akaongeza la kwake, "KUTOKEA MAGOMENI!"

Walicheka mpaka mimi nikacheka humo ndani, jeneza likawa linatikisika, wakazidi.

Mchunguzi Huru:

Nimejaribu choya na sabuni. Ticha nakuomba radhi. Hesabu vipi mkuu, mlipata kitu?

Mtu wa Vifaa:

Iliingia laki tisa na sitini na sita. Matumizi laki saba na kumi. Kila mtu alichukua elfu ishirini na tatu, ikabaki elfu tatu tukampelekea babu. Alisema hela ya uigizaji haipokei. Akamwita muuza kahawa, akalipia baraza zima kahawa na kashata, akatuambia tukae.